Neno Moja, Mizigo Mingi

Ni jambo la dhahiri kwamba Kiingereza hakijaondoka katika meza za ofisi zetu. Barua nyingi huandikwa kwanza katika lugha hiyo, kisha hutafsiriwa kwa Kiswahili ili zimfikie mwananchi. Nyingine hazitafsiriwi kabisa, ila maneno yake mawili matatu hudokolewa yakaingia katika mazungumzo ya kila siku, yakiwa bado hayajavua nguo za kwao. Leo tunapenda kulitazama neno moja miongoni mwa hayo, neno la kawaida ambalo mtoto wa skuli hukutana nalo mapema, nalo ni "charge". Tumelichagua kwa sababu ndani yake mna fedha, mna mamlaka, mna kesi, mna nyumba ya mtu na mna baruti. Mwenye kulitafsiri vibaya hakosei sarufi peke yake. Aweza kumfanya mwenzake akose mali yake, au akose uhuru wake.

Na tumfikirie mwananchi wa kisiwani katika siku moja ya kazi. Asubuhi simu yake imekwisha "chaji". Bandarini anaambiwa kuna "charge" ya mzigo wake uliolala ghalani. Hospitalini anaelekezwa kwa "inchaji" wa wodi. Benki anapewa karatasi atie saini, na juu yake pameandikwa neno lile lile. Jioni anasikia kwamba kijana wa mtaa wa pili amesomewa "charge" mahakamani. Neno ni moja mara tano, mambo ni matano mbalimbali, na katika hayo matano ni moja tu ambalo halina hatari, nalo ni lile la simu.

Mtu aweza kudhani kwamba Waingereza wamelitupa neno hili ovyo ovyo kila walipopungukiwa na jina la kitu. Sivyo. Neno hili lina mzizi mmoja, na mwenye kuushika mzizi huo huyaona matawi yote bila ya taabu. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha kale, baada ya Wanormani kuivamia nchi yao mwaka 1066 na kuifanya lugha yao kuwa ya mahakama na ya wakubwa. Kifaransa kililirithi kutoka Kilatini cha zama za mwisho, ambako palikuwa na kitendo "carricare", maana yake kupakia mzigo garini, kutokana na "carrus", yaani gari la kukokotwa na wanyama. Katika ukoo huo huo wamo "carry", kubeba; "cargo", shehena ya chombo; na "car", motokaa. Yumo hata "caricature", ile picha ya kuchekesha ambayo mchoraji humbebesha mtu pua au tumbo kupita kiasi alichopewa na Mungu. Lakini msomaji asidanganyike kwa kufanana kwa "car" na gari letu. Gari la Kiswahili limetoka Bara Hindi, na kufanana kwao ni bahati tu.

Basi asili ya neno hili ni mzigo, na watu wa visiwani wana haki ya kulielewa kuliko wengi, kwa kuwa maisha ya bandari ni maisha ya mizigo. Tunalo neno shehena, tulilolipata kutoka Kiarabu, na kwa Waarabu kitendo cha asili yake ni kupakia chombo. Ajabu ni kwamba Waarabu nao, walipoletewa betri, hawakuunda kitendo kipya. Walilichukua lile lile la kupakia merikebu wakasema wanaipakia betri. Mataifa mawili yasiyokuwa na undugu wa lugha yalitazama kitu kimoja na kuona picha moja, kwamba kuna chombo kitupu, na kuna kitu kinachotiwa ndani yake mpaka kijae.

Kwa Waingereza njia ya kufikia umeme ilipitia katika bunduki. Bunduki za kale zilitiwa baruti na risasi kila zilipotaka kupigwa, na kile kipimo cha baruti kilichotiwa ndani ndicho kilichoitwa "charge", yaani mzigo wa bunduki. Katika miaka ya 1740, Benjamin Franklin wa Philadelphia alipokuwa akifanya majaribio ya umeme kwa chupa maalumu za kioo, alisema chupa imetiwa "charge" kama vile mtu asemavyo bunduki imeshindiliwa. Chupa nyingi alizoziunganisha pamoja aliziita "battery", jina lililokuwa la safu ya mizinga. Kwa hiyo kijana anayetafuta mahali pa kuchaji simu yake anatumia, bila ya kujua, maneno mawili ya askari wa mizinga. Hili la simu hatuna ugomvi nalo. Chaji na chaja yamekwisha kuwa maneno ya Kiswahili, watu wote wanayaelewa, na hayamdhuru mtu.

Kutoka katika bunduki neno lilikwenda pia katika vita vyenyewe, likawa ni kushambulia kwa kasi, hasa kwa askari wa farasi. Shambulio lililo mashuhuri kuliko yote kwa jina hilo lilifanyika Balaclava, katika rasi ya Crimea, tarehe 25 Oktoba 1854, nalo lina funzo kwa kila mwenye kuandika amri. Jemadari Raglan, aliyekuwa juu ya kilima, alipeleka amri ya maandishi kwa Lucan, mkuu wa askari wa farasi aliyekuwa bondeni. Amri ilisema wasonge mbele upesi, wawazuie adui wasiichukue mizinga. Raglan aliikusudia mizinga iliyotekwa juu ya vilima vya pembeni, ambayo yeye aliiona waziwazi. Lucan hakuiona. Alipouliza ni mizinga ipi, Nolan, ofisa aliyeileta karatasi, aliinyoosha mikono upande wa bondeni, kulikokuwa na mizinga ya Warusi imejipanga. Askari wapatao 670 wakaenda mbio kuikabili, na zaidi ya 100 waliuawa, Nolan akiwa miongoni mwa wa mwanzo. Katika amri ile kila neno lilikuwa sahihi na sarufi ilikuwa safi. Kilichokosekana ni mwandishi kujiuliza kama aliyeko bondeni anakiona kile anachokiona yeye aliyeko kilimani.

Tunaomba watumishi wa Serikali waikumbuke habari hiyo kila wanapotia saini waraka. Mwenye ofisi yuko kilimani. Anaijua sheria, anajua faili limetoka wapi na linakwenda wapi. Mwananchi yuko bondeni, na mbele yake ana karatasi tu.

Natuje katika fedha, kwani huku ndiko neno hili linakosikika zaidi. "Charge" ya fedha ni mzigo wa malipo anaotwishwa mtu kwa kupata huduma au kitu. Waingereza wana maneno mengi yaliyo jirani na hilo, na kila moja lina mahali pake: "price" ni bei ya kitu dukani, "fare" ni nauli, "fee" ni ada, "toll" ni ushuru wa njia au daraja, "rent" ni kodi ya nyumba, "fine" ni faini. Kiswahili, kama inavyoonekana, hakikulala njaa hapo. Tuna bei, nauli, ada, kodi, ushuru, kiingilio, ujira, faini, fidia na riba. Na wenzetu wa Kenya wana karo kwa malipo ya skuli. Kila moja kati ya hayo humwambia mwananchi jambo kubwa: je, analipa kwa hiari yake au kwa lazima? Analipa kwa sababu amepata kitu, au kwa sababu amekosa? Fedha zinakwenda kwa mwenye chombo, kwa mwenye nyumba au katika mfuko wa Serikali? Ofisi inapobandika tangazo lenye neno "chaji" pekee, yote hayo yanafichika. Na panapokuwa na giza katika malipo, ndipo anapopata nafasi yule mwenye kutia mkono mfukoni mwa mwenzake.

Kuna pia usemi wao "free of charge", bila ya mzigo wa malipo. Wengi huutafsiri kwa neno bure. Lakini bure ya Kiswahili ina pande mbili: ni kitu kisicholipiwa, na vilevile ni kitu kisichokuwa na faida, kama tunaposema fulani amesumbuka bure. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipotangaza tarehe 23 Septemba 1964 kwamba elimu itatolewa bila ya malipo, maana ilikuwa kwamba mzazi hatalipa. Haikuwa kwamba elimu haina thamani, wala kwamba haina gharama. Gharama iliendelea kuwapo, ila mzigo ulihamishwa kutoka begani mwa mzazi kwenda begani mwa umma. Mwenye kuandika bila ya malipo anaueleza uhamisho huo vizuri kuliko mwenye kuandika bure.

Baada ya fedha yaja mamlaka. Mtu aliye "in charge" ni yule aliyebebeshwa mzigo wa kazi au wa watu. Hapa lugha yetu ina hazina ambayo hatuitumii kama ipasavyo. Hakimu wa namna hiyo ni hakimu mfawidhi, na daktari ni mganga mfawidhi. Mfawidhi limetokana na Kiarabu, katika kitendo chenye maana ya kumkabidhi mtu jambo. Ni mtu aliyekabidhiwa, wala si mtu aliyejitwalia. Tuna pia waziri mwenye dhamana ya elimu au ya afya, na tuna msimamizi, mkuu wa kituo na mwangalizi. Hata yule ofisa wa ubalozi anayeitwa kwa Kifaransa "chargé d'affaires", yaani aliyebebeshwa shughuli, magazeti yetu humwita kaimu balozi na kila mtu akaelewa. Kwa nini basi katika baadhi ya vituo vya afya muuguzi mfawidhi aendelee kuitwa "inchaji", kana kwamba ni kifaa cha umeme? Neno "inchaji" linamwambia mgonjwa kwamba huyu ndiye mwenye amri. Neno mfawidhi linamwambia kwamba huyu amekabidhiwa amana, na mwenye amana huulizwa.

Sasa tuingie mahakamani, mahali ambapo kosa la tafsiri huumiza zaidi. Waingereza wanamtazama mshtakiwa kama mtu aliyewekewa mzigo kichwani, naye ana haki ya kuutua. Waswahili tulichukua njia nyingine: shtaka letu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni malalamiko yanayopelekwa kwa mwenye kuhukumu. Picha zote mbili zinakubaliana katika jambo moja, kwamba shtaka si hatia. Lakini katika mazungumzo, na hata katika kurasa za magazeti, maneno matatu huchanganywa kila siku. Mtuhumiwa ni yule anayeshukiwa, ambaye pengine hajafikishwa popote. Mshtakiwa ni yule aliyesomewa shtaka. Mwenye hatia ni yule ambaye mahakama imemwona amekosa. Mwenye kumwita mtuhumiwa mkosaji amekwisha kumhukumu kabla ya hakimu kuketi.

Tazameni tena neno lililozaliwa na hilo, "discharge", yaani kuutua mzigo. Chombo kikipakuliwa ni "discharge". Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani ni "discharge". Askari akiachishwa jeshi ni "discharge". Jeraha likitoa usaha ni "discharge". Na mshtakiwa akiondolewa shtaka ni "discharge" pia. Katika Kiswahili cha mitaani husemwa ameachiwa, na jamaa hufanya furaha. Lakini kuondolewa shtaka na kuachiwa huru ni mambo mawili. Kwa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Tanzania Bara, Mkurugenzi wa Mashtaka akilifuta shauri kabla ya hukumu, mshtakiwa huachiliwa, lakini kuachiliwa huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Hivyo yawezekana mtu akatoka mlangoni mwa mahakama akiwa ameachiwa na akakamatwa tena kabla hajafika nyumbani. Familia ikiona hivyo hudhani sheria imevunjwa, kumbe waliambiwa neno moja mahali palipohitaji maneno mawili. Karani au wakili akisema shtaka limeondolewa, lakini laweza kurudi, atakuwa amewatendea haki.

Haki hii ya kuelezwa kwa lugha inayoeleweka si hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 49, inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuambiwa upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Na ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kujulishwa shtaka kwa maelezo ya kutosha ili aweze kulijibu. Tanzania nayo, kwa marekebisho ya sheria yaliyopitishwa mwaka 2021, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua kubwa. Lakini sheria yaweza kuamuru lugha. Haiwezi kuamuru uangalifu. Shtaka lililotafsiriwa kwa haraka ni la Kiswahili kwa jina tu.

Limebaki tawi moja, nalo twalitaja mwisho kwa kuwa hujificha. Katika sheria ya ardhi "charge" ni mzigo unaowekwa juu ya shamba au nyumba ili kulinda deni. Kwa Kiswahili, rehani. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inalitumia neno hilo hilo. Inasema rehani ni dhamana ya deni tu, haihamishi umiliki. Inataka mume au mke anayeishi katika nyumba ya ndoa awe amekubali kabla nyumba hiyo haijawekwa rehani. Na inataka mdaiwa aliyeshindwa kulipa apewe taarifa na muda usiopungua miezi mitatu wa kurekebisha deni. Ulinzi huo ni mzuri, lakini wamfaa nini mtu wa Lamu au wa Pate aliyeliona neno "charge" juu ya karatasi akadhani ni ada ya kufungulia faili? Aliyezoea kusikia chaji kuwa ni shilingi chache zinazokatwa katika simu hatashtuka kuliona mahali ambapo nyumba ya watoto wake imewekwa. Neno rehani lingemshtua, na katika jambo hili kushtuka ni kinga.

Hatusemi haya kwa kukidharau Kiingereza. Kila lugha ina maneno yaliyobeba mengi. Sisi twapiga simu, twapiga pasi, twapiga kura, twapiga magoti na twapiga mswaki, na mgeni hutushangaa. Hata dhamana, neno tulilolisifu hapo juu, lina matege yake: kusema fulani amepewa dhamana kwaweza kumaanisha kwamba amekabidhiwa wizara au kwamba ametolewa rumande. Wingi wa maana si aibu ya lugha. Aibu ni ya mwandishi asiyechagua, akaliacha neno limchagulie.

Visiwa hivi vina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha iliyotoka katika mabaraza na masoko ya hapa ndiyo inayosomeshwa bara yote. Itakuwa ajabu iwapo mtu wa Unguja au wa Pemba ndiye atakayeshindwa kuisoma barua aliyoandikiwa na ofisi ya nchi yake.

Kwa hiyo tunatoa rai. Kwanza, mtumishi anayekutana na neno kama hili ajiulize kabla ya kuandika: mzigo gani, umewekwa juu ya nani, na nani ameuweka? Akipata majibu matatu hayo, neno la Kiswahili litakuja lenyewe. Pili, tangazo la malipo litaje jina la malipo, kiasi chake na mahali fedha zinapokwenda. Tatu, karatasi yoyote inayogusa ardhi, nyumba au uhuru wa mtu isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya anayeitia saini, na asomewe tena akitaka. Nne, mabaraza yetu, BAKITA iliyoundwa mwaka 1967 na BAKIZA ya Zanzibar, yaendelee kuzipelekea ofisi orodha fupi za istilahi, kwani kamusi nene hukaa kabatini, lakini ukurasa mmoja hubandikwa ukutani.

Na kwa wananchi tunasema kwamba kuuliza si ujinga. Mwenye kukuletea karatasi yenye neno usilolijua ana wajibu wa kukueleza, nawe usione haya kuirudisha kalamu mezani mpaka ueleweshwe. Wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani humwona mwepesi asiyeubeba. Aliyeandika neno hataubeba mzigo wake. Utaubeba wewe, na kabla ya kuinama kuutwaa, ni haki yako kuambiwa una uzito gani.